Simu ya Tatu

Kanuni niliiandika mimi, kwa mkono wangu, tena kwa hasira. Naanza hapo ili asije mtu akadhani natafuta wa kumlaumu. Miaka kumi na mmoja iliyopita tulikuwa akina mama watano tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, hapa bondeni kwetu kusini mwa Colorado, tukipanga kufungua shule ya Los Membrillos: shule ya umma yenye bodi yake yenyewe, ya mtindo wa Montessori, mtoto anajichagulia kazi mwenyewe, asubuhi Kihispania na mchana Kiingereza. Mimi ndiye niliyegonga meza. Nikasema mtoto aingie akiwa na miaka mitatu, minne, mwisho mitano, na akishapita darasa la kwanza mlango umefungwa. Mmoja akauliza, je, akitokea mwenye shida? Nikamjibu kwamba hapa bondeni hakuna asiye na shida.

Kanuni ya simu nayo ni yangu. Nafasi ikipatikana, mzazi anapigiwa mara tatu siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi jioni, na kati ya simu na simu ipite saa nzima. Asipopokea ya tatu, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Nilikuwa nimechoshwa na wazazi wa kesho na keshokutwa, wanaokuweka roho juu wiki mbili halafu wanakwambia wameghairi. Baadaye shule ilipokua wakanipa ukarani, na hizo simu nikawa nazipiga mwenyewe. Nimezipiga miaka yote hiyo na sikuwahi kukosa usingizi.

Mwezi wa tisa mwaka jana akaja Brisa.

Brisa ni mjukuu wangu, ana miaka tisa. Aliletwa kutoka Nebraska na begi moja la shule lililojaa nguo chafu. Mama yake, binti yangu Yvette, amefungwa huko miaka minne kwa mambo ya dawa za kulevya, na hayo siyaelezi hapa, nimeyaeleza vya kutosha mahakamani. Mtoto alikuwa haongei. Madaktari walimpima masikio, wakampima koo, wakasema kila kitu kizima. Alikuwa hataki tu. Nilimpikia maharage na pilipili za kijani, nikamsukia nywele, nikamwomba, nikamtania, nikamwimbia nyimbo alizoimbiwa mama yake. Kimya. Usiku nilikuwa nasali nikisema Mungu wangu, neno moja tu, hata likiwa tusi.

Shule ya wilaya alikaa wiki tatu. Ya kwanza walimkuta amejikunyata chooni chini ya sinki. Ya pili alitoka getini, wakamwokota kando ya reli. Ya tatu wakaniambia abaki nyumbani mpaka wataalamu wamwone, na wataalamu wenyewe foleni yao ni ya miezi minne. Afisa wa ustawi wa watoto, Bi Tillman, mwanamke mwenye sauti laini kuliko mambo anayoyasema, akanieleza kwamba kesi itasikilizwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Jaji atataka kuona mtoto ana shule. Bila barua ya shule, Brisa anarudishwa Nebraska, kwa walezi asiowajua. Nikamwambia mimi ni bibi yake. Akasema analijua hilo.

Basi nikawa naenda naye kazini. Alikaa kwenye benchi ofisini kwangu, na koti lake, siku nzima, akitazama viatu. Siku ya tatu nikainua macho, benchi tupu. Nilikimbia kama kichaa. Nilikwenda getini, nikaenda chooni, nikatazama chini ya masinki yote. Nikamkuta kwenye darasa la wadogo, anaosha meza.

Pale kwetu kuosha meza ni kazi ya watoto wa miaka mitatu au minne. Ina aproni yake, beseni lake, brashi, sabuni na sifongo, na inaanza kushoto kwenda kulia, mpaka mwisho, halafu maji yanamwagwa na mtoto akitaka anaanza upya. Brisa alikuwa amekunja mikono ya sweta, mkubwa kama mama katikati ya vitoto vile, anasugua. Mwalimu wao, Maribeth, aliweka kidole mdomoni pake, maana yake mwache. Aliosha meza ileile dakika arobaini. Kisha akaenda akachukua kipande cha tufaha kwenye sahani ya wadogo, akakila mbele za watu. Mimi nikaingia stoo ya karatasi nikalia.

Tangu hapo kila siku alikwenda kuosha meza yake, na mimi nikajua hakuna shule nyingine itakayomfaa. Darasa la juu, la miaka tisa hadi kumi na miwili, lilikuwa na nafasi moja. Familia moja ilihamia Denver. Nafasi ilikuwa wazi tangu mwezi wa nane na hakuna wa kuijaza, kwa sababu kanuni ilikataza, na kanuni ni ya nani? Yangu.

Mwenyekiti wa bodi ni Delfino Maestas, anafanya kazi kwenye maghala ya viazi. Mimi na Delfino tuna historia. Miaka minne iliyopita jina la binti yake mdogo lilitoka kwenye kura, nikampigia mara tatu, hakupokea, nikampa nafasi anayefuata. Siku hiyo alikuwa chini ghalani, na mle ghalani simu haishiki. Alikuja jioni na buti zake za udongo, kofia mkononi, akanieleza. Nikamwambia kanuni ni kanuni, Delfino. Hakugombana nami. Alikwenda akagombea ujumbe wa bodi, akapata, na tangu hapo kila mwaka alikuwa analeta hoja ya kufungulia madarasa ya juu, na kila mwaka mimi nilikuwa nazunguka kwa wazazi kuhakikisha inaanguka.

Sasa nikamfuata mimi. Nikamwomba aiweke tena kwenye ajenda. Nilikuwa tayari anicheke, na angenicheka ningestahili. Alisema tu, "Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Njoo na mtoto, asibaki peke yake."

Jumanne ukumbi ulijaa. Wapinzani walikuwa wengi, na mbaya zaidi walikuwa wanasema maneno yangu. Mwalimu mmoja wa darasa la juu alieleza kwamba mtoto aliyezoea kengele na kupangiwa kila kitu, ukimwambia achague kazi yake mwenyewe kwa saa tatu mfululizo, ama anazubaa ama anavuruga wenzake, na kumweka sawa kunachukua mwaka mzima. Mama mmoja akasema watoto wetu wamesota miaka sita kupata Kihispania safi, leo aingie wa miaka tisa asiyejua hata kuomba maji, darasa zima litageuka Kiingereza. Baba mmoja alikuwa na kumbukumbu za kikao cha kwanza kabisa. Akasimama akazisoma. "Mlango ukifunguliwa kwa huruma hautafungika kwa akili. Nieves Archuleta." Watu wakanigeukia. Brisa alikuwa kando yangu, anasugua ukucha kwenye kitambaa cha sketi yangu.

Kila mzungumzaji anapewa dakika tatu. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili, nikashindwa kuzisoma. Nikasema ndiyo, hayo ni maneno yangu, na nilipoyasema nilikuwa na binti mzima nyumbani na sikuwa na haja na huruma ya mtu. Nikasema nimewafungia watoto mlango kwa miaka kumi na mmoja, siwajui majina yao, na ninaomba radhi. Nikawaambia juu ya meza. Nikawaambia juu ya Ijumaa. Kabla dakika hazijaisha nikakaa chini na aibu yangu.

Wakabishana mpaka saa mbili. Mtu akauliza, hivi tunabadilisha kanuni ya shule nzima kwa ajili ya mjukuu wa karani? Swali la haki kabisa, ningeliuliza mimi. Delfino akajibu kwamba haibadilishwi kwa ajili ya yeyote. Ikifunguliwa, inafunguliwa kwa wote, majina yanakusanywa, wenye ndugu ndani ya shule wanatangulia, wengine kura, na mjukuu wa Bi Nieves anaweza kukosa vilevile. Kisha akasema ana sharti moja. "Watu wa hapa wanafanya kazi mahali ambapo simu haishikwi. Mtu apigiwe akiwa ametoka zamu. Kanuni haisemi hivyo, na usiku huu hatuwezi kuiandika upya, lakini nataka nisikie kwa mdomo wa anayepiga."

Mjumbe mmoja akapendekeza apige mwingine, kwa sababu mimi nina mtoto kwenye orodha. Delfino akakataa. "Mwacheni apige yeye," akasema. "Akitoa neno lake mbele za watu, mimi linanitosha."

Nikasimama. Nikasema, "Nitasubiri mpaka watoke zamu." Nililisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania, ukumbi mzima ukasikia.

Kura nne dhidi ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Delfino.

Jumatano majina yalikuwa sita. Mmoja tu alikuwa na ndugu shuleni, kwa hiyo akawa wa kwanza bila kura: Abril Olivas. Majina ya waliobaki yakatiwa kwenye kofia, Maribeth akachomoa, na wa kwanza kutoka alikuwa Brisa Archuleta. Wa pili kwenye orodha. Nafasi moja.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa namjua Abril. Walihamia kutoka Chihuahua yeye akiwa na miaka minane, amechelewa kwa kanuni yangu, na wadogo zake wawili wakaingia. Kila asubuhi anawaleta, mmoja mkono huu na mwingine huu, maana mama yao anaanza zamu kungali giza. Anawavua kofia, anawafuta pua, anawasukuma ndani. Halafu anasimama kidogo getini anatazama bustani, kuku wetu, watoto wa rika lake wanavyobeba ndoo za maji, kisha anaendelea na safari yake kwenda shule ya wilaya. Mama Abril anachuma uyoga kwenye mabanda ya kaskazini. Simu zinaachwa kwenye makabati ya nguo, kwa ajili ya usafi, na zamu inaisha saa tisa na nusu. Haya yote nilikuwa nayajua, sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Alhamisi asubuhi Abril alipita dirishani kwangu kama kawaida. Ningeweza kumwambia, mwambie mama yako akitoka tu anipigie. Maneno sita. Nilimwambia afunge koti, nje kuna baridi.

Saa saba mchana nikapiga. Iliita mpaka ikakatika. Sanduku lake la ujumbe limejaa, halipokei kitu. Nikaandika kwenye fomu. Saa nane na dakika tano nikapiga tena, nikaandika. Hizo mbili nilijiambia ni za kutimiza kanuni tu, ili kwenye saa tisa na nusu nipige ya tatu na apokee. Haki ya Mungu ndivyo nilivyopanga. Mpango ulikuwepo mpaka saa tisa kasoro dakika kumi, alipopiga Bi Tillman.

Sauti yake laini. Barua ya shule bado hajaiona. Jaji anafunga faili saa kumi jioni. Amekwisha weka tiketi mbili, yake na ya mtoto, za Ijumaa mchana, ili tu zisikosekane ikilazimu. Akaniuliza kama Brisa ana koti zito, kwa kuwa Nebraska tayari kuna theluji. Nikasema analo. Nikaweka simu chini.

Brisa alikuwa kwenye benchi, ametoka kwenye meza yake, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikamtazama nikaona kila kitu: uwanja wa ndege, mkono wa mtu mwingine, sinki la nyumba nyingine. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika sita. Saa nzima ilikuwa imepita tangu simu ya pili. Kisheria nilikuwa huru.

Nikainua simu, nikaanza kubonyeza namba.

"Bibi."

Sikuelewa sauti imetoka wapi. Nilidhani kuna mtoto mlangoni. Ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Bibi, ulisema utasubiri mpaka watoke."

Wiki saba na nusu nilikuwa nimelipigia magoti neno lile. Nililiomba kanisani, nililiomba jikoni, nililiomba nikiwa nimemkumbatia amelala. Na simu ilikuwa sikioni kwangu, imekwisha anza kuita kule kabatini, gizani, juu ya nguo za Mama Abril.

Nikamwambia, "Nyamaza."

Iliita mara tisa, nilizihesabu. Ikakatika. Nikaandika kwenye fomu: simu ya tatu, saa tisa na dakika saba, haikupokelewa. Chini yake, mstari wa anayefuata, nikaandika jina la mlezi, Nieves Archuleta, amepigiwa, amepokea, amekubali. Nikasaini mahali pa karani, nikasaini mahali pa mlezi. Kalamu moja. Saa tisa na robo barua ilikuwa imefika kwa Bi Tillman.

Saa tisa na dakika thelathini na nne simu ya ofisi ikalia. Nilijua ni nani. Nilifikiria kuiacha iite.

"Bi Nieves, samahani, naona umenitafuta," akasema Mama Abril. Nyuma yake makabati yalikuwa yanabamizwa, wanawake wanacheka. "Wanangu wazima?"

Nikamwambia wazima. Nikamweleza kwamba kulikuwa na nafasi ya Abril kwenye darasa la juu, nimempigia mara tatu, kanuni inasema tatu, na nafasi imekwenda kwa mwingine. Akauliza ilikuwa ya mwisho saa ngapi, nami nikamwambia saa tisa na dakika saba. Nikangoja anitukane, ningeshukuru.

"Basi," akasema, "asante kwa kujaribu, mama. Nitamwambia taratibu."

Delfino alikuja jioni na buti zake. Fomu za nafasi hazikamiliki bila saini ya mwenyekiti. Akaisoma amesimama, mstari kwa mstari, na akafika kwenye saa. Aliitazama ile saa mpaka nikatamani apige kelele. Nikaanza kumweleza habari za Bi Tillman, za tiketi, za jaji kufunga faili. Akainua mkono.

"Naweza kuifuta," akasema. "Nikiifuta, kesho mtoto anapandishwa ndege. Abril angalau usiku huu analala na mama yake." Akasaini, akaiacha kalamu juu ya karatasi. Mlangoni akageuka. "Mimi mwaka ule nilidhani ulikuwa hujui tuko ghalani. Nilikutetea kwa watu, Nieves. Nilisema hakujua."

Ijumaa jaji alisoma barua, akaniuliza maswali mawili, akanipa mtoto. Nililia pale mahakamani kwa sauti, na Bi Tillman akanipa kitambaa. Watu walinipongeza. Brisa alisimama kando yangu na koti lake zito limefungwa mpaka shingoni.

Sasa ni mwezi wa tatu. Abril bado anawaleta wadogo zake, anawavua kofia, ananiamkia kwa heshima, anakwenda zake. Hasimami tena kutazama bustani. Delfino akiwa na karatasi za kusainiwa anamtuma mtu.

Mwalimu wa darasa la juu, yule aliyepinga, alikuja ofisini juzi kunieleza kwamba alikosea. Brisa anafungua mkeka wake mwenyewe asubuhi bila kuambiwa, anafundisha wenzake kugawanya kwa shanga, anabishana, anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Kihispania kinamtoka, kimepinda lakini kinamtoka. Kuna siku walimwomba apunguze maneno. Nilimsikia mwenyewe kupitia ukutani, sauti ileile nzito, anasimulia kitu kirefu na darasa zima linamsikiliza. Niliacha kuandika, nikaegemeza sikio.

Jioni tunarudi nyumbani, namwekea maharage yake, namuuliza leo umefanya nini. Ananitazama kwa upole. Anakula, anaosha sahani yake na yangu, anafuta meza kutoka kushoto kwenda kulia, anakwenda kulala. Nilimwambia anyamaze, naye ni mtoto mtiifu.